Kigingi hakina kosa

Wadau, ngoja nikiri mwenyewe kabla washkaji wa Mwanza hawajanipata. Mimi, mtoto wa Kirumba, niliyeanza kula sato kabla sijamaliza kuota meno, nimekwenda Ulaya kushindana kuvua samaki na nimekuwa wa mwisho. Wa kumi kati ya watu kumi. Hakukuwa na hata mmoja wa kunisitiri kwa chini.

Najua mtauliza nilifikaje huko. Nilikuwa likizo kwa mjomba wangu, Birmingham. Mjomba ni dereva wa basi, ameondoka Bongo miaka mingi, na kule wenzake wa kazini walimwambukiza ugonjwa wa kuvua kwa ndoana. Kila mwaka mwezi Mei yeye na rafiki yake, mzee mmoja wa Kiingereza mstaafu wa kiwanda cha magari, wanapanda meli kwenda Ireland Kaskazini kwenye mashindano ya watu wawili wawili. Wameshiriki miaka tisa. Miaka tisa hawajawahi kugusa bahasha ya zawadi hata ile ya mwisho. Mwaka huu mzee akafanyiwa upasuaji wa nyonga, daktari akamkataza kukaa juu ya sanduku ukingoni mwa maji siku nzima. Ada ilishalipwa. Mjomba akaniangalia mezani, akasema, "Mjomba, wewe si mtu wa ziwani?"

Nikajibu kwa kiburi cha mtu aliyesoma. Nikasema nitajaribu.

Tukavuka usiku kwa meli kutoka upande wa Liverpool, saa nane hivi baharini, asubuhi tukatua Belfast, tukaendesha mpaka Enniskillen, mji uliokaa katikati ya maji ya Lough Erne. Hapa niwape somo dogo la jiografia maana lilinihusu. Kisiwa cha Ireland kina nchi mbili. Fermanagh, ndiko iliko Enniskillen, ni sehemu ya Uingereza, kwa hiyo visa yangu ilitosha. Lakini mpaka wa Jamhuri ya Ireland uko jirani kabisa, hauna geti wala askari, na mimi na pasi yangu tungehitaji visa nyingine. Mjomba alinionya nisije nikatoka kutafuta soda nikajikuta nchi nyingine kinyume cha sheria. Yeye ana pasi ya wenyewe, anacheka tu.

Sasa, mashindano yenyewe. Waingereza wana matabaka hata kwa samaki. Samoni na trauti ni samaki wa mabwana, wanavuliwa kwa nzi wa bandia kwenye mito ya watu wenye mashamba. Wengine wote wa maji baridi wamewekwa kapu moja na kupewa jina ambalo ni lile lile la kitambaa kinachokwaruza ngozi. Samaki wa kukwaruza! Na ndio samaki waliobakia kwa watu wa viwandani. Zamani wafanyakazi wa Birmingham na Sheffield walikuwa wanajazana kwenye treni siku ya mapumziko, wanashuka kando ya mto, wanachanga senti, wanashindana. Mashindano haya ni mtoto wa zile treni. Ndiyo maana ukifika pale unakuta mafundi bomba, madereva wa malori, wastaafu wa migodi. Bwana mkubwa simwoni.

Utaratibu ni huu. Ukingo wa ziwa umechomekwa vigingi vyenye namba, moja mpaka sitini. Asubuhi mnakusanyika, mfuko unapita, kila mtu anaingiza mkono na kutoa namba yake. Ukipata 46 unakwenda 46, unakaa hapo saa tano, huruhusiwi kusogea. Filimbi ya kwanza mnaanza, filimbi ya mwisho mnaacha. Samaki unawaweka hai kwenye wavu mrefu kama soksi uliozamishwa majini, watu wa mizani wanapita, wanapima, halafu wote wanarudishwa ziwani. Ndiyo, wote. Mama yangu nilipomsimulia kwa simu alinyamaza kwa muda, akauliza, "Sasa mnakula nini?"

Hilo la kurudisha naomba tusilicheke sana. Sisi kwetu sheria inasema usichukue mdogo: sato asiyefika sentimita 25 ni kosa, sangara lazima afike 50. Ng'ambo ya ule mpaka, kwenye Jamhuri ya Ireland, kanuni ya mwaka 2006 ya hawa samaki wa kukwaruza inasema kinyume: usizidishe wanne kwa siku, na usimchukue yeyote anayezidi sentimita 25. Wao wanalinda wazazi, sisi tunalinda watoto. Nimeandika habari za nyavu haramu Mwanza mara nyingi na sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu amegeuza rula upande wa pili. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Leo nataka kuzungumzia kigingi.

Jioni ya kabla ya mashindano tulikaa baa, na maneno yaliyokuwa yanazunguka ni hayo tu. Kigingi, kigingi, kigingi. Mwaka juzi nilipata kigingi cha majani matupu. Fulani alishinda kwa sababu alipata kigingi cha pembeni, hana jirani upande mmoja, samaki wote wake. Nikagundua kanuni moja: aliyeshindwa anasema kigingi, aliyeshinda anasema ufundi. Hakuna aliyewahi kushinda kwa kigingi wala kushindwa kwa ujinga. Nikajisemea, basi hawa wazee wanacheza bahati nasibu na kuiita michezo. Ukitaka kupanga vizuri hivyo, si uende ukanunue tiketi dukani ukae ndani, kuna mvua.

Na nikiri kwamba bahati ipo. Samaki hawagawanyiki sawa ziwani kama mkate. Kuna mahali pana shimo, kuna mahali pana mwamba, kuna upepo unaosukuma chakula upande mmoja. Tena Erne imebadilika. Miaka ya 1990 waliingia kome wadogo wenye mistari kama punda milia, wageni kutoka mashariki ya Ulaya, waliosafiri wameng'ang'ania matumbo ya boti. Kome wale wanachuja maji. Maji yakawa maangavu, na samaki kwenye maji maangavu anaogopa, anakaa mbali, anahama. Wazee wanasimulia enzi za kujaza wavu mpaka unashindwa kuunyanyua. Siku hizi ukikosa, umekosa.

Hata wale samaki tunaowafukuzia si wenyeji. Rochi, mdogo mwenye rangi ya fedha na mapezi mekundu, aliletwa Ireland kutoka Uingereza mwaka 1889 awe chambo cha samaki mkubwa anayeitwa paiki, akaponyoka kwenye mto Blackwater kule kusini, na baadaye akasambaa kisiwa kizima. Mtu wa Kirumba hasomi hiyo habari bila kutabasamu. Sangara naye aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na leo ukimwambia mtoto wa Mwanza kwamba sangara ni mgeni anakuona mwendawazimu.

Waandaaji wanaijua hiyo bahati na wameiwekea dawa. Vigingi sitini vinagawanywa kanda sita za watu kumi kumi. Unashindana na wale tisa wa kanda yako peke yao, waliokaa kwenye kipande kimoja cha maji na wewe. Wa kwanza anapata pointi moja, wa kumi anapata kumi. Mnajumlisha pointi za wenza wawili kwa siku mbili, wenye chache ndio washindi. Kwa hiyo hata kama upande wenu hauna samaki, hauna kwa wote. Niliposikia hivyo nilitakiwa nielewe. Sikuelewa.

Siku ya kwanza nilikuwa wa nne kwenye kanda yangu. Wa nne! Mjomba wa pili kwenye yake. Jumla sita. Usiku ule nilipiga simu Dar, nikamweleza mshkaji mmoja wa dawati la michezo kwamba hawa jamaa wanatumia vifaa vya mamilioni lakini samaki hana uraia, samaki ni samaki. Mjomba alinisikia. Akasema tu, "Kalale, mjomba."

Siku ya pili mfuko ulipopita nikatoa namba 46. Kanda ya 41 mpaka 50, katikati kabisa. Mtu mmoja nyuma yangu akasonya kwa huruma. Mjomba alipata 12. Wakati tunaachana kwenye gari alinipa maelekezo matatu, nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu sikufuata hata moja. Chagua mti mmoja ng'ambo, tupa kuelekea mti huo huo siku nzima. Funga mshipi kwenye klipu ya kigurudumu ili kila mtupo uangukie umbali ule ule. Na usimwangalie jirani.

Niwaeleze kinachofanyika ili mwone ukubwa wa upuuzi wangu. Mwisho wa mshipi kuna kikapu kidogo cha waya chenye risasi chini. Unakishindilia makombo ya mkate yaliyolowekwa, yaliyochanganywa na funza na nyungunyungu waliokatwakatwa, na nyuma yake kuna ndoana ndogo yenye funza wawili. Unatupa, kikapu kinazama, makombo yanamwagika chini. Unasubiri, unaangalia ncha ya fimbo. Baada ya dakika chache unavuta, unajaza tena, unatupa pale pale. Pale pale, ndiyo siri yote. Baada ya saa mbili tatu umetandika mkeka wa chakula chini ya ziwa, ukubwa wa meza ya kulia. Ukikosea umbali kila mara, hujatandika mkeka, umemwaga makombo uwanja mzima.

Na unayemngoja ni brimu. Brimu ni bapa kama sinia, rangi ya shaba, ana utelezi wa bamia, na anatembea kwa kundi. Mmoja anaweza kuwa kilo moja na nusu, mbili. Kundi likikaa juu ya mkeka wako, siku imekwisha, wengine wote wanagombania nafasi ya pili.

Jirani yangu wa 47 alikuwa babu. Simjui jina, sikumuuliza. Kati yetu palikuwa na hatua kama ishirini. Alipofika alitusalimu, akaketi, akavua saa ya mkononi akaiweka juu ya sanduku mbele yake. Filimbi ikalia.

Saa ya kwanza mimi nilikuwa mfalme. Nilitupa karibu, mita kumi na tano hivi, rochi wakaanza kudonoa hapo hapo. Mmoja, wawili, wanne. Kila nikimwopoa mmoja naunyanyua juu kidogo kuliko ilivyohitajika, ili babu aone. Kufikia saa tano na nusu nilikuwa nao kumi na mmoja, vidole tu, lakini kumi na mmoja. Babu hakuwa na kitu. Sifuri. Anaangalia saa, anavuta, anajaza, anatupa mbali kuelekea mti mmoja uliokatika kilele, anaweka fimbo chini, anakunywa chai. Nikamhurumia. Nikawaza kichwa cha habari kabisa.

Halafu rochi wakakatika. Ghafla, kama umeme wa Dar. Nikavuta mmoja wa mwisho, na alipokuwa anakaribia nikaona kivuli kirefu kikitoka kwenye majani, maji yakapasuka, fimbo ikakunjika mpaka majini, na mshipi ukarudi mtupu, umekatwa kama kwa wembe. Paiki. Alikuwa amekaa chini ya miguu yangu muda wote akila wageni wangu.

Hapo ndipo siku ilipoharibika, na sio kwa sababu ya paiki. Kufunga ndoana mpya kulinichukua dakika kumi, mikono imepigwa na baridi, upepo umebadilika unapiga kutoka kushoto. Nilipotazama kulia, babu alikuwa anavuta kitu kizito. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayevuta kapu kutoka kisimani. Brimu. Akamweka kwenye wavu, akaangalia saa, akatupa tena kwenye mti ule ule.

Wenzangu wa fani mtanielewa. Chumba cha habari kina maradhi moja: gazeti la wenzenu likitoka na habari, hakuna anayeuliza kama habari yenu ni nzuri. Mhariri anauliza kwa nini ile hatuna sisi. Mnaacha mliyokuwa mnaifuatilia wiki mbili, mnakimbilia ya jirani, mnafika imepoa, na yenu imeshachukuliwa na mwingine. Nimefanya hivyo mara ngapi? Na nimefanya hivyo tena kwenye kigingi cha 46 nikiwa nimevaa koti la mvua la watu.

Nikatoa mshipi kwenye klipu, nikatupa mbali kama babu. Dakika nne, kimya. Nikatupa mbali zaidi yake. Kimya. Nikawaza labda samaki wake wanatokea upande wangu, nikatupa kulia, karibu na mpaka wetu, babu akageuza shingo kidogo bila kusema kitu, nikaona aibu nikarudi kushoto. Nikabadilisha chambo: funza, nyungunyungu, funza na nyungunyungu. Nikajaribu kurudi kwa rochi wa karibu. Walishaondoka, au wameshaliwa. Mtu wa 45 naye hakuwa anapata, na nikafurahi, Mungu anisamehe. Muda wote huo babu anavuta, anajaza, anatupa mti mmoja. Wa pili. Wa tatu. Wa nne.

Kila nilipohama nilikuwa na sababu nzuri sana. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Ukiniuliza dakika ile ningekupa hoja: upepo, kina, mwanga, joto la maji. Nimesoma chuo kikuu, sikosi hoja. Ila hakuna hoja yangu hata moja iliyodumu zaidi ya robo saa, na brimu hana shida na hoja. Anataka akute chakula mahali, akirudi akikute tena.

Saa moja kabla ya mwisho nilichoka. Sikupata hekima, nilichoka tu. Nikatupa mahali fulani, kati na kati, nikaacha. Nikajaza, nikatupa hapo hapo kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuwaza pengine. Na zikiwa zimebaki dakika kama kumi, ncha ya fimbo ikainama polepole, ikabaki imeinama.

Nikamshtua, akashika. Uzito ule sijawahi kuusikia mkononi kwa ndoana. Babu akageuka, safari hii akatazama kabisa. Nikamleta, nikamwona anageuka ubavu kwenye maji yale maangavu, sinia la shaba, kilo moja na nusu haipungui. Mjomba alinifundisha: wavu unazamishwa, unatulia, samaki ndiye anayeletwa juu ya wavu. Mimi nikamfuata na wavu. Nikauchomeka kama mtu anayeua nyoka. Ukingo wa wavu ukamgonga mdomoni, ndoana ikachomoka. Alikaa pale sekunde moja nzima, anapumua, haamini, halafu akazama taratibu.

Filimbi.

Mizani ilipofika kwangu, kilo moja na gramu 940. Kwa babu, kilo kumi na sita na ushee. Wa tano wa kanda yetu alikuwa na kilo tatu na gramu 400, kwa hiyo mnaweza kupiga hesabu wenyewe. Mimi niliipiga palepale nimeshika wavu mtupu. Brimu yule mmoja angenipandisha mpaka wa tano. Mjomba kule kwenye 12 alikuwa wa kwanza wa kanda yake. Mbili na nne za jana, moja na tano za leo, jumla kumi na mbili. Walioshika nafasi ya tatu walikuwa na kumi na mbili, na wakilingana pointi unatazamwa uzito, na kwa uzito wa Mjomba tungewapita mbali. Bahasha ya tatu. Miaka tisa na mmoja. Badala yake tulikuwa na kumi na saba, na tukapiga makofi kwa ajili ya wengine.

Mtaniambia basi ni bahati mbaya, samaki mmoja tu. Hapana. Babu angempoteza mmoja asingejua hata kama amempoteza. Kilichonifanya nitegemee samaki mmoja wa dakika za mwisho ni yale masaa ya kutangatanga, na yale sikuyatoa kwenye mfuko. Hatua ishirini, wadau. Maji yale yale, upepo ule ule, kome wale wale. Kama kigingi kilikuwa kibaya, kilikuwa kibaya kwa wawili. Kwa hiyo nayafuta maneno yangu ya baa kuhusu bahati nasibu, na nawaomba radhi wale mafundi bomba. Ila sitawasamehe kwa kuendelea kusingizia vigingi, maana sasa najua wanajua.

Wakati tunapakia gari babu alipita na kitoroli chake. Nilimuuliza alijuaje brimu watakuja, saa moja na nusu nzima hana kitu. Akafikiri. Akasema hakujua, ila asingekuwa na pa kuwapokea kama wangekuja.

Njia nzima kurudi hotelini Mjomba alizungumzia barabara. Aliponiuliza nilimwambia ukweli wote, mti, klipu, jirani, wavu. Akatikisa kichwa, akasema, "Aa, ndiyo hivyo," akawasha redio. Ningependa angenigombeza.

Saa mbili usiku simu yake ikaita. Ni mzee wa nyonga, yuko kitandani Birmingham, amengoja siku nzima. Mjomba akaiweka kwa sauti juu ya meza. Mzee hakusalimu hata. Akauliza pointi ngapi, Mjomba akamtajia. Kimya kidogo. Akauliza wewe umepata nini, akaambiwa ya kwanza, akapiga kelele za furaha mpaka akakohoa. Halafu akauliza, na kijana je?

Mjomba akaniangalia. Mimi nikaangalia sahani yangu.

"Kijana alipata kigingi kibaya," akasema.